Nyumba na gari kwa anayetumia kiti mwendo: anzia chooni

Maswali ni yale yale kila wiki. Rampu iwe ndefu kiasi gani? Mlango uwe na upana gani? Ninunue gari gani? Na mara nyingi anayeuliza ana mtu wa kwao anayeruhusiwa hospitali siku chache zijazo, huku fundi ameshamwaga mchanga mbele ya baraza. Kabla hujamlipa fundi huyo, soma hadi mwisho.

La kwanza kabisa: usianze na rampu ya mlango wa mbele. Najua ndiyo inayoonekana, na kila mgeni ataisifia. Lakini mtu huenda chooni mara tano au sita kwa siku, na kutoka nje ya geti pengine mara moja, au asitoke kabisa. Nimeingia kwenye nyumba zenye rampu nzuri ya kuvutia, na ndani mlango wa choo una sentimita 65, kwa hiyo mwenye kiti anabebwa mgongoni kila asubuhi. Pesa iliishia nje. Tengeneza kuanzia kitandani kwenda chooni, kisha ndipo utoke nje.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kiti mwendo chenyewe, na mtu mwenyewe akiwa amekikalia. Si kaka yake anayefanana naye umbo.
- Futi ya fundi ya mita 5, chaki na daftari.
- Pima maji (kile kifaa cha fundi chenye kipovu cha kuonyesha usawa), ubao ulionyooka wa sentimita 120, na kipande cha mbao au tofali chenye kimo cha sentimita 10 kamili. Kazi yake utaiona kwenye rampu.
- Boksi kubwa la friji au godoro. Likate uunde duara lenye upana wa sentimita 150. Hiyo ndiyo nafasi ambayo kiti cha kawaida kinahitaji ili kigeuke.
- Ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi, kama umepanga.

Hatua ya 1: Pima mtu na kiti chake

Andika namba hizi tano:

1. Upana wa kiti kutoka ringi ya kusukumia ya kushoto hadi ya kulia, nje kwa nje. Viti vingi vya mtu mzima viko kati ya sentimita 60 na 70.
2. Urefu kutoka nyuma ya kiti hadi ncha ya vidole vya miguu. Vidole, si kikanyagio. Vidole ndivyo vinavyogonga ukuta.
3. Kimo cha mto wa kukalia mtu akiwa ameukalia, kwa sababu sponji hubonyea.
4. Kimo cha magoti.
5. Mkono unafika juu kiasi gani na chini kiasi gani bila mtu kuinama hadi ayumbe.

Kama kiti hakijapatikana, kadiria upana wa 70 na urefu wa 120. Ila usinunue kiti kwa kukisia. Kiti kipana mno humlaza mtu upande na kukulazimisha kubomoa milango ambayo ingetosha. Hospitali kubwa zenye kitengo cha mazoezi ya viungo zina watu wa kupima. KCMC pale Moshi kuna chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa kazi hizi, na Kenya chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, APDK, kimekuwa kikitengeneza viti kwa miaka mingi.

Hatua ya 2: Chora njia kwa chaki

Chukua chaki, chora sakafuni njia ya kutoka kitandani hadi kwenye sinki la choo. Njia iwe na upana wa sentimita 90 mahali pote, na 120 kwenye korido anapotakiwa kukata kona kuingia mlangoni. Weka lile duara la boksi kwenye kila mahali anapotakiwa kugeuka. Kinachokanyagwa na boksi kiondoke: meza ya kioo, friji, ndoo za maji, kabati la vyombo la mama. Hapa ndipo ugomvi wa familia huanzia, na ni afadhali uanze leo kuliko siku mtu amefika.

Mazulia na mikeka yote kwenye njia hiyo yakunjwe.

Hatua ya 3: Milango

Kipimo kinachohesabika ni uwazi halisi, yaani nafasi inayobaki mlango ukiwa umefunguliwa, kutoka kwenye ubao wa mlango hadi fremu ya upande wa pili. Fundi akikuambia "huu ni wa sentimita 90" anazungumzia tundu la ukutani. Toa fremu kama sentimita 5 kila upande, toa unene wa ubao sentimita 4, unabaki na 76 hivi. Unachotaka ni 80 au zaidi. Kiti cha 66 hupita kwenye 76, lakini vifundo vya vidole vya anayejisukuma hulipia.

Kabla ya kubomoa, jaribu njia nafuu kwa mpangilio huu:

- Ondoa ubao wa mlango, weka pazia zito. Unapata sentimita 4 au 5 kwa siku moja.
- Pachika mlango wa kuteleza upande wa nje wa ukuta, unaoning'inia kwenye reli. Fremu unaing'oa, na tundu lote linakuwa lako.
- Panua tundu. Nyumba zetu nyingi za tofali zina linta, yaani mkanda wa zege, inayozunguka nyumba nzima juu ya milango na madirisha, kwa hiyo kukata tofali chini yake si jambo la kutisha. Ila hakikisha kwanza linta ipo na inapita pale. Gonga plasta juu ya mlango uione zege kwa macho. Kama ni vipande vifupi vya linta vilivyoishia pembeni mwa mlango, lazima iwekwe nyingine ndefu zaidi kabla ya kukata.

*Onyo:* mlango wa choo ufungukie nje. Mtu akianguka ndani huziba mlango kwa mwili wake, na mlango unaofungukia ndani hautafunguka bila kumuumiza.

Vizingiti vivunjwe. Kama kuna kinachobaki, kisizidi sentimita 1.5 na kichongwe mteremko pande zote mbili. Magurudumu madogo ya mbele hukwama kwenye kitu ambacho wewe unayetembea hujawahi kukiona.

Hatua ya 4: Choo na bafu

Hapa usiwe na haraka.

*Kiwango cha sakafu.* Bafu nyingi ziko chini kuliko korido kwa sentimita 5 hadi 10 ili maji yasitoke. Nyanyua sakafu ya bafu hadi ilingane na korido, kisha weka mfereji mwembamba wenye wavu palepale mlangoni, na sakafu yote iteremke kidogo kuelekea kwenye tundu la maji: sentimita 2 kwa kila mita, isizidi. Matundu ya wavu yawe madogo, na mistari yake ikatize njia ya gurudumu, isiifuate.

*Vigae.* Chagua vya kukwaruza. Vile vinavyong'aa kama kioo waachie wauzaji dukani.

*Sinki la choo.* Kimo cha kikalio kilingane na kimo cha mto wa kiti, ile namba ya 3. Kwa wengi ni sentimita 45 hadi 50, wakati masinki mengi ya kawaida ni 40 tu. Njia ya kunyanyua ni jukwaa dogo la zege chini ya sinki. Sasa sikiliza: jukwaa lifuate umbo la kitako cha sinki, lisitokeze hata sentimita tatu. Mafundi hupenda kumwaga jukwaa pana la mraba kwa sababu ni rahisi, na matokeo yake kikanyagio cha miguu kinagonga jukwaa, kiti kinabaki mbali, na mtu anabaki na pengo la kurukia.

Katikati ya sinki hadi ukuta wenye chuma cha kushikia iwe sentimita 45. Upande wa pili acha wazi angalau 90 ili kiti kiingie sambamba na sinki. Muulize mwenyewe ana nguvu mkono upi kabla hujaamua upande. Waliopooza upande mmoja baada ya kiharusi hawafanani na walioumia uti wa mgongo.

*Vyuma vya kushikia.* Kimoja cha kulala ukutani, urefu sentimita 80 hadi 90, kikiwa juu ya kikalio kwa sentimita 25 hivi. Kingine cha kusimama, mbele kidogo ya sinki. Unene unaojaa mkononi vizuri ni milimita 32 hadi 38. Bomba la maji la chuma la inchi 1 kwa nje lina karibu milimita 34, kwa hiyo linafaa. La inchi 1 na robo linafika 42, mkono mdogo hauzunguki. Kati ya chuma na ukuta acha sentimita 4: vidole viingie, lakini mkono mzima usichomoke na kunasa.

Chuma kifungwe kwa boliti za kutanuka zinazoingia ndani ya tofali, au kichomelewe kwenye bamba lililopita ukuta na kufungwa nati upande wa pili. *Onyo:* skrubu na plagi ya plastiki kwenye kigae hushikilia taulo, si mtu. Kabla ya kukabidhiwa kazi, mwambie fundi mwenyewe aning'inie kwa uzito wake wote. Akisita, umeshapata jibu.

*Choo cha kuchuchumaa.* Kama hakuna pesa ya kubadilisha, chomelea kiti cha chuma chenye tundu katikati na miguu minne yenye raba, kikae juu ya shimo. Miguu iwe mipana kuliko kikalio ili kisipinduke. Kikalio kipigwe sponji na kuvishwa rexine (ngozi bandia).

*Kuoga.* Jenga kibaraza cha sentimita 45 hadi 50 kimo, kina cha 45, na weka godoro jembamba lisilonyonya maji juu yake. Asiyehisi sehemu za chini akikaa kwenye saruji tupu kila siku atapata kidonda cha shinikizo, na kidonda hicho hurudisha watu hospitali. Bomba liwe usawa wa kifua akiwa amekaa. Ndoo ikae juu ya kimeza, si sakafuni.

*Onyo la maji ya moto:* tangulizeni maji ya baridi kwenye ndoo, kisha ya moto, na yajaribiwe kwa kiwiko. Miguu isiyohisi huungua kimyakimya.

Hatua ya 5: Chumba na jiko, kwa ufupi

Kitanda kilingane na kimo cha kiti, na ule ubao wa pembeni usipande juu ya godoro, kwa sababu hukatisha njia ya kuhamia. Acha sentimita 90 upande mmoja. Chandarua kiwe cha pembe nne, chenye kamba inayofikiwa ukiwa umelala. Swichi sentimita 90 hadi 110 kutoka chini, soketi zisipungue 40.

Jikoni, meza ya kimo cha 80 iliyo wazi chini, magoti yaingie. Jiko la gesi likae juu ya meza hiyo. Jiko la mkaa la sakafuni si la mtu wa kiti, na hakuna kupakata sufuria ya moto hata kwa hatua mbili. Tafuta sinia lenye kingo au kimeza cha magurudumu.

Hatua ya 6: Rampu

Hesabu ni moja: kimo mara 12. Ngazi tatu za sentimita 15 ni sentimita 45, mara 12 ni mita 5.4. Fundi atakuambia, "Bosi, mita tatu zinatosha, watu wanapandisha hata pikipiki." Pikipiki ina injini. Kama mwenye kiti anajisukuma mwenyewe bila msaidizi, zidisha kwa 15 au hata 20 ukiwa na kiwanja. Chini ya 12 usishuke.

Kabla ya kukata tamaa na kiwanja kidogo, zunguka nyumba. Mara nyingi mlango wa nyuma wa jikoni uko ngazi moja tu kutoka chini, na rampu ya mita 1.8 inamaliza kazi.

1. Chora rampu yote ardhini kwa chaki au kamba, pamoja na sehemu tambarare ya sentimita 150 kwa 150 juu, mbele ya mlango, na nyingine chini. Rampu ikipanda zaidi ya sentimita 75, weka pumziko katikati. Ikipinda, weka tambarare kwenye kona.
2. Upana wa ndani usipungue sentimita 100.
3. Jenga kuta za pembeni, jaza kifusi, shindilia kila sentimita 15 kwa maji. Kifusi kilichomwagwa chote mara moja hushuka mvua za masika zikija, na zege hupasuka katikati.
4. Mwaga zege ya 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), unene sentimita 10.
5. Wakati zege ni mbichi, laza ule ubao wa sentimita 120 kufuata mteremko. Weka kile kipande cha sentimita 10 chini ya ncha ya upande wa bondeni, na pima maji juu ya ubao. Kipovu kikikaa katikati, mteremko ni 1 kwa 12 sawasawa. Kikikimbilia upande wa juu, rampu ni kali mno. Rekebisha sasa hivi. Kikikimbilia chini, imelala zaidi, na hilo ni zuri.
6. Piga ufagio mgumu kukatiza mteremko ili ibaki michirizi. Hakuna niru (saruji ya kulainisha juu), hakuna vigae.
7. Nyanyua kingo za pembeni sentimita 7 hadi 10 gurudumu lisichomoke, na weka mkono wa chuma pande zote mbili kwa kimo cha sentimita 85 hadi 95.
8. Mwagilia siku 7. Kiti kisipite kabla ya hapo.

Hatua ya 7: Uwanja hadi getini

Mchanga wa pwani humeza magurudumu madogo, na kokoto ni hivyo hivyo. Mwaga njia ya zege au tandaza vitofali vya pevingi upana wa sentimita 120 hadi getini. Kwenye geti dogo lenye ule mlango wa kuinamia, kizingiti cha chuma kikatwe. Daraja la mtaro nje ya geti lisiwe na mwanya kati ya mifuniko.

Hatua ya 8: Gari

Wengi hawana gari, kwa hiyo tuanze na teksi. Gari dogo la saluni ni rafiki kuliko gari la juu la kifahari, kwa sababu kikalio chake kiko karibu na kimo cha kiti.

1. Sukuma kiti cha abiria wa mbele nyuma hadi mwisho, na mlango ufunguke wote.
2. Kiti mwendo kisogee kwa pembe, si sambamba kabisa. Funga breki, toa mkono wa kiti upande wa gari, kunja vikanyagio.
3. Weka ubao laini wa kuhamia, sentimita 70 hivi, nusu chini ya paja na nusu kwenye kikalio cha gari. Usibane ngozi.
4. Makalio kwanza, kichwa kikiinamishwa mbele, miguu mwisho. Kiwiko cha msaidizi kizuie kichwa kisigonge fremu ya juu.
5. Mkanda, kisha kiti kikunjwe na kuwekwa kwenye buti. Mto wa kiti usiachwe juani.

*Onyo:* kumpandisha mtu na kiti chake nyuma ya kirikuu (pikapu ndogo) na kumshikilia kwa mikono si usafiri. Breki moja ya ghafla inatosha.

Dar es Salaam, vituo vya mwendokasi vya barabara ya Morogoro, vilivyoanza kazi 2016, jukwaa lake limejengwa kulingana na sakafu ya basi. Angalia pengo: ingia kwa kunyooka, magurudumu ya nyuma yakitangulia, na usaidiwe kama dereva amesimama mbali.

Ukitaka kununua gari ambalo mtu anaingia akiwa amekalia kiti, usianze kuchomelea Noah ya kawaida. Sakafu ikiwa sentimita 60 kutoka ardhini, kwa hesabu yetu inataka rampu ya mita 7.2, hata kwa mteremko mkali wa 1 kwa 6 wenye msaidizi, ni mita 3.6, na hiyo hubebi. Ndiyo maana magari ya kiwandani hushushwa sakafu. Toyota ina familia nzima ya hayo Japani, huitwa Welcab, na humo kuna Noah na Hiace zenye rampu au lifti ya nyuma, na nyingine zenye kiti kinachozunguka na kutoka nje. Mengine hupatikana kwenye minada ile ile tunayoagizia magari. Kabla ya kulipia, uliza forodha kuhusu nafuu ya kodi kwa magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya wenye ulemavu. Maombi hutangulia gari, hayafuati. Kenya, kumbuka pia kikomo cha umri wa miaka 8 kwa magari yaliyotumika yanayoagizwa.

Pima kimo cha ndani: mtu aliyekaa hufika sentimita 130 hadi 140 kutoka sakafuni. Kiti kitazame mbele, kifungwe kwa mikanda minne kwenye fremu yake, si kwenye magurudumu, na ndoano zishike kwenye chasisi, si kwenye bati la sakafu. Mtu afungwe mkanda wake mwenyewe, tofauti na ule wa kiti.

Kwa anayetaka kuendesha kwa mikono: gari liwe la otomatiki, na kifaa cha mkono kifungwe na aliyewahi kukifunga. Bima ijulishwe.

Mambo yakigoma

*Magurudumu ya mbele yananyanyuka kwenye rampu.* Rampu ni kali, au begi zito limening'inizwa mgongoni mwa kiti. Shusha begi kwanza. Akishuka na msaidizi kwenye mteremko mkali, ashuke kinyumenyume.

*Rampu inateleza wakati wa mvua.* Ni ukoga. Sugua kwa brashi ya waya, kisha tafuta maji yanatoka wapi. Kwa kawaida ni bati lisilo na gata juu yake.

*Chuma cha chooni kinacheza.* Usikaze tu. Tundu limeshapanuka. Hamisha sentimita 10 pembeni, toboa upya.

*Mlango umepanuliwa na bado anagonga.* Tatizo ni kona ya korido. Chonga kona ya ukuta, au geuza upande wa bawaba.

*Mwenye nyumba amekataa zege.* Chomelea rampu ya bamba la chuma lenye vipele, vipande viwili vinavyounganishwa kwa ndoano, kwa kipimo kile kile cha mara 12. Ukihama unahama nayo. Iwekee raba chini na kamba ya kuifunga kwenye nguzo ya baraza, kwa sababu rampu isiyofungwa huteleza nyuma pale gurudumu la kwanza linapoigusa, na vyuma chakavu navyo vina wenyewe usiku.